Mundele Iko Anapita

Juzi fundi alikuja kunifungulia kufuli ya geti iliyokuwa imegoma kwa kutu. Hakuwa na grisi. Akachovya kijiti ndani ya chupa ya mawese, akadondosha matone kwenye chuma, akawa anazungusha ufunguo huku na huku mpaka chuma kikapata joto. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na ile harufu iliponifika puani, nikashika nguzo ya geti. Mtu mwingine akisikia harufu ya mawese hukumbuka jiko la mama yake. Mimi nilikumbuka mnyororo wa baiskeli nyuma yangu, jasho likanitoka mbele ya fundi wa watu. "Maman, unagonjwa?" akaniuliza. Nikamwambia ni jua tu. Siku hiyo jua halikuwapo.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kisangani hamhitaji maelezo. Siku hizi pikipiki zimejaa kila kona, lakini sisi tulikua na toleka, baiskeli za abiria zenye kiti cha sponji kilichoshonewa kitambaa cha maua nyuma ya mwendeshaji. Wengi wao walikuwa wanapaka mnyororo mawese yaleyale ya kupikia, na mnyororo ukipata moto, harufu inafika kabla ya baiskeli yenyewe. Ndiyo maana niliweza kujua kwamba kuna mtu nyuma yangu bila kugeuka. Kugeuka ndiko sikuthubutu.

Nilizaliwa mtaa wa Makiso, katika nyumba ya zamani yenye veranda pana, ukuta mrefu, na vipande vya chupa juu ya ukuta. Papa alikuwa Mgiriki, mnunuzi wa mbao. Mama ni wa Isangi, binti wa watu wa mto. Mimi nikatoka rangi ya chai ya maziwa, tena maziwa mengi. Nyumbani tuliongea Kifaransa, na Kiswahili kilikuwa cha jikoni na cha getini. Tulikuwa na mbwa wawili wakali, na sentineli aliyekuja kila jioni kutulinda dhidi ya wezi wa mtaa wa Mangobo. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Mangobo. Hapo sikuona ajabu yoyote, na nadhani Papa pia hakuiona.

Papa hakuwa mtu mbaya, wacha niseme hivyo mapema. Alikuwa mwoga, na mwoga mwenye uwezo hujenga ukuta. Jumapili tulipokuwa tukienda upande wa Simi-Simi, gari ikikaribia Mangobo alipandisha vioo, akabonyeza kitu pembeni yake, milango yote ikajifunga kwa mpigo mmoja: klak! Hakuna aliyeniambia Mangobo kuna nini. Sikuhitaji kuambiwa. Mtoto akifungiwa milango anaelewa mwenyewe kwamba nje kuna kitu. Basi nilikuwa natazama kupitia kioo: wanawake wanakaanga mikate, watoto wanafukuza tairi, mtu ananyolewa kichwa chini ya kibanda cha bati. Vyote hivyo nilivihesabu kuwa ujanja. Niliamini wanajifanya tu, mpaka sisi tupite. Mama alikuwa anaangalia mbele. Dada yake wa kuzaliwa naye alikuwa anakaa si mbali na barabara ile, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona hata kwa bahati mbaya.

Kisha Papa akaugua, akaenda kwao kutibiwa, akafia huko. Nyumba haikuwa yetu, ilikuwa ya kazi yake, na wenye kazi wakaitaka. Mbwa walichukuliwa na jirani. Mama alifunga vitu kwenye masanduku, akasimamisha toleka mbili pale getini, moja ya mizigo na moja yetu sisi wawili.

"On va où, Mama?"

"Kwa Mama Régine. Dada yangu mukubwa."

"Anakaa wapi?"

"Mangobo."

Nililia njia nzima, uso wangu kwenye mgongo wa Mama. Nilikuwa nasubiri ule mlio wa klak, na haukuja. Baiskeli haina mlango wa kufunga. Upepo wa Mangobo ulinipiga moja kwa moja kwenye magoti, na nilihisi kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu.

Mama Régine alikuwa mwanamke wa mwili na wa sauti. Alikuwa anauza samaki wa kukausha waliotoka Yanonge, na mikono yake ilikuwa na moshi ambao sabuni haikuutoa kamwe. Alinishika mashavu, akanigeuza huku na huku kama anayechagua samaki, akacheka. "Mutoto ya muzungu! Lakini angalia pua. Hii pua ni ya mama yetu, hata haiko uwongo." Lupango lake, kiwanja chenye nyumba ya matofali ya udongo na jiko la nje, lilikuwa wazi pande zote. Nilimuuliza kwa Kifaransa ukuta uko wapi. Mama akamtafsiria. Mama Régine akashangaa kweli kweli. "Ukuta? Ya kufanya nini? Na batu nitabaona namna gani?"

Kwake yeye swali liliishia hapo. Mimi usiku nililala macho wazi.

Nikaandikishwa shule iliyokuwa mwisho wa ile avenue yetu, na tangu siku ya kwanza jambo likaanza ambalo lilinitia hofu kuliko yote. Mchana nikitoka shule, mwanamke wa lupango la kwanza, ambaye alikuwa anakoroga sufuria, aliinua kichwa akapaza sauti kuelekea kwa jirani yake: "Mundele iko anapita!" Mundele ni mzungu, na hapo mundele nilikuwa mimi. Jirani naye akajibu, "Ee, nimemuona!" halafu akageukia upande wa pili na kupiga kelele ileile, "Mundele iko anapita!" Ikaenda hivyo lupango kwa lupango, kwa wasuka nywele, kwa muuza mkaa, kwa wale wasichana wa kisimani, kelele ikikimbia mbele yangu kuliko miguu yangu. Nikifika mahali, watu walikuwa wameshageuza shingo wananingoja.

Makiso hakuna aliyepaza sauti barabarani isipokuwa kumwita mbwa. Mtoto wa ukutani nitaelewa vipi mambo hayo? Nikatumia nilichokuwa nacho. Mama aliwahi kunisimulia jinsi wanaume wa kwao wanavyowinda: wengine wanatembea nyuma ya mnyama wakipiga kelele, wakimsukuma, na wengine wako mbele kimya na wavu. Basi nikajua. Wanawake hawa walikuwa wananipokezana. Kila mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwamba windo linakuja huko, jiandae. Nilichokuwa sijui ni wavu uko wapi. Kila siku nilipofika salama nyumbani niliona kwamba wameahirisha tu.

Mkicheka nawaelewa. Mimi mwenyewe sijaweza kucheka bado.

Na wavu ukajitokeza, ukiwa baiskeli. Siku moja nikasikia nyuma yangu tik-tik-tik ya gurudumu linalozungushwa polepole, na ile harufu ya mawese ya moto. Nikapunguza mwendo ili ipite. Haikupita. Nikaongeza mwendo, na tik-tik nayo ikaongezeka. Toleka isiyo na abiria inamfuata mtoto wa shule kwa kazi gani? Wakati mwingine mbio zake zilimshinda akaja karibu kidogo, nikaona kwa pembe ya jicho gurudumu la mbele lenye matope na kiatu cha plastiki kimekanyaga chini. Uso sikuwahi kuuona. Alinifuata hadi karibu na kwetu, kisha sauti ikapotea. Kesho yake akaja tena, na siku zilizofuata pia. Sasa nilikuwa na kelele mbele na baiskeli nyuma, sawasawa na hadithi ya Mama.

Kwa nini sikumwambia Mama? Nilimwambia habari ya kelele tu. Alikuwa ameketi kitandani anakunja kitenge, akasema, "Nadine, hapa ni kwetu. Hakuna mutu atakufanya kitu." Lakini jioni ileile nilimwona anazungusha ufunguo mara mbili, anajaribu kitasa, anarudi tena kukijaribu. Alikuwa amezaliwa kati ya watu hawa, na bado ukuta wa Papa ulikuwa umemwingia mwilini. Nikaona nikimwongezea habari ya baiskeli atavunjika kabisa. Nikanyamaza na yangu.

Hofu ya mtoto haina mahali pa kuiweka. Nilikuwa nakojoa kitandani, mimi niliyekuwa darasa la tatu. Mama Régine alitwanga ndizi na kunifanyia lituma, akaniwekea samaki mzuri kabisa juu yake, akaniangalia nikiidonoa. "Huyu mutoto iko anaogopa mpaka chakula," akamwambia Mama. Halafu akasema kitu kingine kwa Kilokele, lugha yao ya nyumbani, ambacho sikukielewa. Walidhani sisikilizi, lakini nilikuwa nasikiliza kila kitu, hata kuku wakikwaruza chini ya dirisha.

Siku yenyewe nilikuwa nimeshaamua. Nyuma ya kanisa kulikuwa na njia nyembamba iliyotokea avenue ya pili, ile inayokwenda sambamba na yetu. Huko hakuna aliyenijua. Nilifikiri, nikipita huko hakutakuwa na wa kupaza sauti, na wenye wavu hawatajua nilipo. Kengele ilipolia nilijichanganya na wenzangu, nikakata kona ya kanisa nimeinama, nikatokea upande wa pili.

Na kweli kulikuwa kimya. Nilitembea kidogo nikahisi kama niko Makiso. Kisha nikaona watu wanaacha kazi zao. Mama mmoja aliyekuwa anageuza mikate kwenye mafuta alibaki ameshika kijiko hewani. Wanaume waliokuwa wanacheza dame, yaani drafti, kwa vizibo vya chupa wakanyamaza. Kwenye avenue yetu walikuwa wamenizoea, hapa mtoto wa rangi yangu peke yake na mkoba mgongoni alikuwa ni jambo. Hakuna aliyeita mwenzake. Walinitazama tu, na kumbe hilo lilikuwa baya zaidi. Nikaanza kutamani zile kelele.

Hapo ndipo harufu ya mawese ilipofika.

Alikuwa karibu kuliko siku zote. Alikuwa anakanyaga kwa nguvu, mnyororo unalia, na pumzi yake nilikuwa naisikia. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akaniita.

"Nadine! Nadine, hii haiko njia ya nyumbani!"

Alijua jina langu. Mangobo nzima nilikuwa Mundele, na huyu alijua jina alilonipa Papa. Sikufikiri tena. Miguu niponye! Nikatupa mkoba nikakimbia katikati ya barabara nikilia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na yeye nyuma yangu akaongeza, "Nadine! Simama!"

Sasa jiwekeni mahali pa wale watu wa dame. Mtoto wa mundele anakimbia, machozi yanamtiririka, mkoba wake uko chini. Nyuma yake mwanamume mweusi, shati limechanika begani, jasho, baiskeli, anamfukuza. Nani angehitaji kuuliza? Mmoja aliinuka, meza ikaanguka na vizibo vyote vikamwagika. "Moyibi!" akapiga kelele. Mwizi. Mwingine akaongeza, "Moyibi ya bana!" Mwizi wa watoto. Neno hilo kwetu likishatoka halirudi kinywani. Watu walitoka kwenye malupango mpaka sikujua walikuwa wamejificha wapi.

Walishika baiskeli kwanza. Ilipinduka, akaanguka nayo, na kabla hajainuka walikuwa juu yake. Mama wa mikate alinidaka, akanifunika na kitenge chake kilichojaa unga, akaniambia sikioni, "Usiogope, mutoto yangu. Banamukamata. Imeisha." Lakini mimi kupitia kitambaa nilikuwa nasikia. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu anapigwa. Ni mlio wa kawaida sana, kama mtu anayekung'uta godoro, na ukawaida wake ndio ulioniogopesha.

"Muulize mutoto!" mwanamume alikuwa anapiga kelele. "Miye niko Dieudo, niko jirani ya Mama Régine! Mama Régine ya samaki! Ndiye ananituma! Muulize mutoto!"

Mzee mmoja akasema, "Alors, tumuulize." Alinigeukia. Nilitoa kichwa kwenye kitenge nikamwona huyo Dieudo kwa mara ya kwanza: kijana tu, midomo imepasuka, jicho moja linaanza kufumba, na jicho lingine limenikazia mimi. Maisha yake yote yalikuwa yanasubiri kinywa changu. Mama wa mikate akamkatiza mzee, "Utamuuliza nini? Huoni anatetemeka? Mutoto ngozi yote imekuwa nyekundu, na bado unauliza!" Na watu wakaona kweli nimekuwa mwekundu, na hawakuningoja nijibu. Mtu akasema tairi iletwe. Mtoto mmoja mkubwa akaondoka mbio kuifuata.

Nililisikia lile jina la Mama Régine likiingia polepole kichwani. Yule wa samaki. Ananituma. Hofu yangu ikageuka ndani yangu kama maji yanavyogeuka chini ya maporomoko ya Tshopo. Mpaka dakika ile niliogopa kwamba watu hawa watanifanya kitu. Sasa nikaona watakachofanya kwa ajili yangu, na hiyo ilikuwa hofu kubwa mno kuliko mwili wangu. Nikavuta pumzi na kupiga kelele kwa nguvu zote, "C'est mon tonton! Ni tonton wangu!"

Kwamba ni mjomba wangu ulikuwa uwongo, lakini ndio ukweli wa karibu niliokuwa nao.

Wakacheka. Naapa kwamba wakacheka. "Mundele na tonton ya namna hii?" mmoja akasema, akamwinua Dieudo kidevu ili watu wote waone alivyo mweusi. "Angalia huyu, angalia ule. Amemulisha kitu mutoto, anamuroga." Mama wa mikate akanibana zaidi, "Nyamaza, chérie, nyamaza, unaota." Nilipolia tu, bila neno hata moja, walikuwa wameniamini wote. Nilipowapa neno, hakuna aliyelitaka. Nikajirusha, nikamng'ata mama wa watu mkono, nikaendelea kupiga kelele tonton, tonton, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyoona kwamba nimelogwa barabara.

Kilichomwokoa Dieudo ni zile sauti. Kwenye avenue yetu mwanamke wa lupango la kwanza alikuwa amewaona watoto wa shule wakipita, na Mundele hayumo. Akapaza sauti kwa jirani, "Mundele hajapita?" Jirani naye, "Hajapita!" Swali likaenda lupango kwa lupango mpaka kwa Mama Régine, na likarudi na jibu lilelile. Sasa wakatoka wote. Nilisikia kelele zao zikija kupitia njia ya kanisa, wanawake wengi kwa mara moja, na mbele yao Mama Régine na mchi wa kutwangia ndizi mkononi, kitenge kimefungwa juu ya magoti, anapumua kama ng'ombe.

Hakuuliza. Aliona baiskeli chini akaijua. Akapita katikati ya wanaume kwa mabega, akasimama juu ya Dieudo, miguu huku na huku, mchi juu.

"Huyu ni mutoto ya Mama Bea, jirani yangu! Nani anamupiga? Nani? Atoke hapa nimuone!"

"Maman, alikuwa anafukuza mutoto ya mundele..."

"Mundele gani? Ule ni mutoto yangu! Ya dada yangu! Damu yangu!" Akanielekezea mchi. "Na huyu ni miye nilimutuma! Nilimuambia, ukirudi kula saa sita, umufuate mutoto pole pole, kwa mbali, asikuone, sababu iko anaogopa batu. Aende salama mpaka kwangu. Na mama zake bote ba avenue banamuangalia, banasema anapita, anapita, ili nijue iko wapi. Na ninyi munataka kuua!"

Yule mtoto mkubwa akarudi akikimbia na tairi begani, akaona nyuso za watu, akaiweka chini taratibu, akaiegemeza kwenye ukuta wa kibanda kana kwamba alitumwa kuileta hapo. Mwanamume wa dame akaanza kuokota vizibo vyake. Mmoja akasema, "Tulifikiri tunasaidia." Hilo lilikuwa kweli, na ndilo linalonisumbua mpaka leo. Hakuna aliyekuwa na ubaya moyoni pale. Walimwona mtoto wa rangi yangu analia, na wakajua mara moja nani wa kulindwa na nani wa kuchomwa. Mimi nilijifunza Mangobo kwenye milango ya gari. Wao sijui walijifunzia wapi, lakini somo lilikuwa moja.

Tulirudi kwa kupitia avenue yetu, wanawake wamemshika Dieudo huku na huku, msichana mmoja anasukuma baiskeli ambayo gurudumu lake la mbele lilikuwa limepinda. Hakuna aliyesema mundele anapita. Mama alikuwa amesimama barabarani bila viatu. Aliponiona aliketi chini palepale kwenye vumbi, yeye aliyenifundisha nisikalie hata ngazi.

Usiku ule Mama na dada yake waligombana kwa sauti ya chini. Mama alisema, "Ungeniambia! Ningemuambia mutoto!" Mama Régine akajibu, "Na wewe ungeniambia unaogopa kwetu. Ningejua ni batu babili ninafaa kuchunga." Kisha nikasikia Mama analia, kilio ambacho hakukilia hata habari ya kifo cha Papa ilipofika, na Mama Régine anamnyamazisha kwa maneno ya Kilokele. Asubuhi yake nilianza kuuliza majina. Mwanamke wa lupango la kwanza, yule wa kisimani, yule wa mkaa. Nilipotoka shule nilisema bonjour kwa kila mmoja kwa jina lake, nusu ya sauti, na bado nilitembea katikati ya barabara, mbali na malupango yao. Hofu haiondoki kwa sababu umeeleweshwa. Inabadilisha mahali pa kukaa tu. Yangu ilihama kutoka kwao ikahamia kwenye sauti yangu na kwenye miguu yangu. Mpaka leo sikimbii barabarani, hata mvua ikinyesha. Wenzangu wananitania kwamba nina maringo ya kizungu, natembea kama bibi harusi huku nalowana. Nawaacha waseme.

Dieudo alikaa ndani siku kadhaa. Mama Régine alimpelekea chakula, na vijana wa ile avenue ya pili walikuja na gurudumu lingine, wakalifunga bila kuingia ndani. Alipoweza kutembea, Mama Régine alimwita kwetu mchana kula lituma, na watu wa avenue wakaja kumsabahi. Nilimwona kupitia mlango, ameketi kwenye kiti cha plastiki uani, jicho bado la zambarau, anacheka na Mama Régine, anatania kwamba sasa wasichana watamwonea huruma.

Mama akanisukuma mgongoni. "Nenda umusalimie tonton."

Nikatoka. Kicheko chake kikakatika. Alikuwa mwanamume mzima, mwenye mikono ya kuvuta magunia ya mkaa juu ya baiskeli, na mimi nilikuwa namfika tumboni, lakini aliponiona ninakuja alisimama, akakisogeza kiti kikawa katikati yetu. Nikasimama nilipokuwa. Nikanyoosha mkono kama nilivyofundishwa.

Aliutazama. Kisha akageuza shingo, akaangalia barabarani kule ambako hakukuwa na ukuta, kushoto na kulia, aone ni nani anatuona, ndipo akanipa wake.